Porsche 911 ya "macho ya yai": maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu 996

Wapenda magari wakikaa pamoja na Porsche ikatajwa, ubishi wa 996 hauchelewi. Maswali ni yaleyale, majibu nayo hurudiwa mpaka yanachosha, kwa hiyo nimeyaweka mahali pamoja. Mimi ni shabiki, si muuzaji, na sifichi upande wangu: naona watu walipigia kelele taa miaka nenda miaka rudi, huku kasoro yenyewe ikiwa imejificha kimya nyuma ya klachi. Asiyekubali na abishe, ila asome kwanza.

## Mambo ya mwanzo

996 ni gari gani, na mbona watu wanaiita 911?

911 ndilo jina linaloandikwa mgongoni mwa gari. Lilipooneshwa mara ya kwanza kwenye maonesho ya magari ya Frankfurt mwaka 1963 liliitwa 901, lakini Peugeot wakadai kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yao. Porsche hawakutaka kesi, wakaitoa sifuri wakaweka moja, na jina hilo limedumu hadi leo.

996 ni namba ya kiwandani ya kizazi kilichooneshwa palepale Frankfurt mwezi Septemba 1997. Kabla yake kulikuwa na 964 na 993. Baada yake zikaja 997, 991 na 992. Usijaribu kutafuta mpangilio wa namba hizo, utaumia kichwa bure.

Kwani kilibadilika nini hasa?

Uliza kilichobaki, ndiyo orodha fupi. Injini ilibaki nyuma ya ekseli ya nyuma, silinda sita zikabaki zimelala tatu huku na tatu kule, na viti viwili vidogo vya nyuma vikabaki vilevile, vya watoto au vya kuwekea begi.

Mengine yote yalichorwa upya. Gari lilirefuka kwa sentimita 18.5 na kupanuka kwa sentimita 3, lakini likapungua uzito kwa kilo 50 hivi. Injini ya lita 3.6 iliyopozwa kwa hewa iliondoka ikiwa na nguvu farasi 285. Ikaja ya lita 3.4 iliyopozwa kwa maji, yenye nguvu farasi 300. Pedali, ambazo kwa zaidi ya miaka 30 zilikuwa zimeota kutoka sakafuni, sasa zilining'inia kama za magari mengine. Saa tano za dashibodi, zilizokuwa zimejipanga kila moja na duara lake, zilibanwa mpaka zikapandiana.

Na taa za mbele. Hizo zina sehemu yao hapa chini.

Ni kweli mashabiki waliichukia?

Inategemea unamwita nani shabiki. Waliokuwa tayari na 911 za zamani, wanaojua kila boliti kwa jina, wengi wao waliipokea kama watu wanavyompokea mke wa pili wa baba. Lakini za 993 ziliundwa zaidi ya 68,000, na za 996 takriban 175,000. Walionunua hayo magari yote si watu waliolazimishwa. Wengi hawakuwahi kumiliki Porsche kabla, na hawakuwa na cha kulinganisha nacho.

Tena lawama hazikuanza na 996. Mwaka 1974, sheria za usalama za Marekani zilipoleta bampa nene, walisema gari limeharibiwa. Mwaka 1989 ilikuja 964 na usukani wenye msaada wa haidroliki, wakasema Porsche imekuwa gari la wazee. Tofauti ni kwamba safari hii hoja yao ilikuwa na uzito, kwa sababu kilichoondolewa kilikuwa kikubwa kuliko bampa.

## Macho

Taa za "yai la kukaanga" ni zipi?

Tangu 1963 sura ya 911 ilikuwa taa mbili za mviringo juu ya mabega mawili yaliyoinuka. Mtoto angeweza kuichora kwa mkaa ukutani ukaitambua. 996 ikaja na taa moja pana iliyounganisha kila kitu ndani ya kioo kimoja: taa kubwa, taa ya ukungu, na indiketa ya rangi ya chungwa iliyotandazika sehemu ya chini. Ukiitazama, ni kama yai la kukaanga lililopasuka kiini kikatiririka upande mmoja. Wajerumani wenyewe waliliita hivyo, na jina likasambaa dunia nzima.

Nani alichora, na alikuwa anafikiria nini?

Mchoraji ni Pinky Lai, mzaliwa wa Hong Kong, chini ya mkuu wa usanifu Harm Lagaay, Mholanzi. Sidhani ni haki kumtupia yeye lawama zote. Taa ile ilizaliwa na hesabu za kiwandani.

Mfano mmoja. Ukitaka kuitoa taa ya 996, unafungua boneti, unatafuta kizibo kidogo cha plastiki pembeni, unaingiza spana inayokuja na gari na kuzungusha mara moja. Unasikia "ta!" na taa nzima inateleza mbele hadi mikononi mwako, na waya wake unajichomoa wenyewe. Hakuna skrubu kumi wala kufungua bampa. Sasa geuza zoezi hilo uwaze mfanyakazi kwenye mstari wa kuunganisha magari: anachukua kipande kimoja, anasukuma, anafunga, anahamia gari linalofuata. Indiketa, taa ya ukungu na taa kubwa vyote vimeingia kwa mkono mmoja.

Kwa nini inafanana na Boxster?

Hili ndilo lililowauma wenye pesa. Boxster, gari dogo na la bei nafuu zaidi, ilitoka 1996, mwaka mmoja kabla. 996 ilipofika ikaonekana ina taa zilezile, boneti ileile na milango ileile. Kuanzia mlangoni kwenda mbele, magari hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mtu ametoa fedha nyingi kununua 911, anasimama kwenye taa za barabarani, jirani yake ana Boxster, na kwenye kioo cha gari lililo mbele yao zote mbili zinaonekana sawa. Namwelewa aliyekasirika.

Kiwanda hakikuwa na ujanja mwingine. Mauzo ya Porsche yalizidi magari 50,000 mwaka 1986, halafu yakaporomoka hadi chini ya 15,000 katika mwaka wa hesabu wa 1992/93. Watu walikuwa wanajadili nani ataimeza kampuni. Wendelin Wiedeking aliposhika uongozi aliwaita wahandisi Wajapani waliokuwa wamefanya kazi Toyota waje kukagua. Walikuta rafu za spea zimejaa mpaka juu, mafundi wanapanda ngazi kutafuta vipande. Inasimuliwa kwamba Wiedeking alichukua msumeno wa umeme akazikata rafu zile kwa mkono wake, mbele ya wafanyakazi. Magari mawili kushiriki sehemu ya mbele ni msumeno uleule, umehamia kwenye karatasi za wachoraji.

Kampuni ilisikiliza malalamiko?

Ndiyo, ila kwa hatua. 911 Turbo ya kizazi hikihiki ilitoka mwaka 2000 ikiwa na taa za sura nyingine, na kwa modeli za 2002 taa hizo zikahamia kwenye Carrera, yaani 911 ya kawaida, pamoja na injini mpya ya lita 3.6 yenye nguvu farasi 320. Halafu 997 ya mwaka 2004 ikarudisha taa za mviringo, indiketa zikatengwa peke yake chini. Hakuna aliyetoa tangazo la kuomba radhi, lakini kila 911 tangu hapo ina macho ya duara.

## Maji na hewa

Kwa nini waliacha injini ya kupozwa kwa hewa?

Kama umewahi kuona Volkswagen ya zamani, ile yenye umbo la kobe, unajua habari ya kupozwa kwa hewa. Haina rejeta, haijazwi maji. Feni inapuliza hewa kwenye mapezi ya silinda na safari inaendelea. Gari lile ni kazi ya Ferdinand Porsche, na damu hiyo ndiyo iliyoingia kwenye 911: feni kubwa nyuma, mapezi, na oili nyingi inayobeba joto lililobaki.

Mambo mawili yaliifikisha mwisho. La kwanza ni valvu. Injini inayotaka nguvu zaidi kwa moshi mchache inahitaji valvu nne kwa kila silinda badala ya mbili. Ukizibana valvu nne pamoja, katikati yake panakuwa na chuma chembamba kinachochemka, na hewa ya feni haifiki pale. Maji yanafika. La pili ni kelele: sheria za Ulaya za miaka ya 1990 zilishusha kiwango cha sauti ya gari linalopita hadi desibeli 74, na injini ya hewa haina kitu cha kuifunika. Ya maji imevaa koti la maji mwili mzima, na koti hilo linameza sauti.

Kwani maji yalikuwa mageni Porsche?

Hapana, na hapa ndipo hoja ya wahafidhina inapovuja. Porsche 959 ya miaka ya 1980, gari wanalolisujudia, ilikuwa na vichwa vya silinda vilivyopozwa kwa maji, na ujuzi huo ulitoka kwenye magari yao ya mashindano. Gari la GT1 lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1998, likiendeshwa na Allan McNish, Laurent Aïello na Stéphane Ortelli, lilikuwa la maji tupu, tena lilivaa taa za sura ya 996. Siku ile sikumbuki aliyelalamikia mayai.

Basi wanaosikitikia sauti wanadanganya?

Hawadanganyi. Simama nyuma ya 993 inapowashwa asubuhi. Kuna feni inayovuma, kuna mapezi yanayotetema, kuna mnguno mkavu kama mashine ya kusaga inayoanza kuzunguka kabla ya kutiwa mahindi. Halafu simama nyuma ya 996: laini, ya mbali, kama imefunikwa blanketi. Ukiipandisha juu ya mizunguko 5,000 inaimba vizuri sana, lakini ikiwa imesimama haina la kukuambia. Mimi natetea 996 kwa mengi, kwa hili naweka silaha chini.

## Kasoro yenyewe

Beringi ya IMS ni nini, na kwa nini kila mtu anaitisha?

Ndani ya injini ya 996 ya kawaida kuna shafti ya kati, ndiyo hiyo IMS kwa kifupi cha Kiingereza, inayopokea mzunguko kutoka kwenye krenki na kuupeleka, kwa minyororo, kwenye shafti zinazofungua valvu. Mwisho mmoja wa shafti hiyo, upande wa klachi, umeshikwa na beringi ndogo ya golori inayoenea kiganjani. Kiwandani ilifungwa na sili zake na grisi ndani, eti ijitegemee maisha yote.

Miaka ikipita sili hukauka. Oili ya injini inapenya, inaosha grisi, lakini haipiti kwa wingi wa kutosha kulainisha. Golori zinaanza kulika, shafti inapoteza kituo, mnyororo unaruka meno, valvu zinakutana na pistoni. Gari linaweza kuwa limepita ukaguzi wote jana, na leo injini ni chuma chakavu.

Si kila gari hupatwa na hili. Za mwanzo zilikuwa na beringi ya safu mbili za golori, ambayo imethibitika kuwa imara zaidi. Za kuanzia takriban 2000 zilipewa ya safu moja, na hizo ndizo zenye sifa mbaya. Marekani wamiliki walifungua kesi ya pamoja iliyomalizika kwa makubaliano mwaka 2013. Porsche yenyewe ilikuja kuiondoa shafti hiyo kabisa kwenye injini mpya za 997 za modeli ya 2009.

Fundi anawezaje kujua mapema?

Kwa kichujio cha oili. Fundi mzuri akibadilisha oili hatupi kichujio. Anakipasua, anatandaza karatasi yake mikunjo yote juu ya meza, anaielekeza kwenye mwanga na kuipitishia sumaku. Vumbi la kijivu kidogo halimsumbui. Akiona vichembe vinavyometa na kunasa kwenye sumaku, au vipande vyeusi vya plastiki ya sili, anakuambia usiwashe tena.

Beringi yenyewe hubadilishwa wakati klachi inabadilishwa, maana giaboksi imeshashuka na njia iko wazi. Hapohapo huwekwa na sili ya nyuma ya krenki, nayo ina tabia ya kuvuja. Anayekuuzia 996 akisema klachi ni mpya, muulize na beringi. Akibabaika, punguza bei.

Turbo na GT3 nazo zina tatizo hilo?

Hapana. Turbo, GT3 na GT2, matoleo yenye nguvu zaidi ya kizazi hiki, zilitumia injini nyingine kabisa, inayoitwa kwa jina la mhandisi Hans Mezger, yenye asili ya magari ya mashindano kama lile la Le Mans nililolitaja juu. Ni ya maji pia. Ndiyo maana huwezi kusema maji ndiyo yaliyoiharibu 996. GT3 ya mwaka 1999, mikononi mwa dereva Walter Röhrl, ilizunguka uwanja wa mashindano wa Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 56, na bei zake hazijawahi kufanana na za Carrera ya kawaida.

Kuna kingine cha kuangalia?

Silinda kuchubuka, hasa kwenye injini za 3.6, fundi huzichungulia kwa kamera ndogo. Na rejeta: zimewekwa pembeni mwa bampa ya mbele, mdomo wazi, kwa hiyo majani makavu na mifuko ya nailoni hujazana humo, hushika unyevu na kuzila. Safisha.

## Huku kwetu

Porsche 911 ina historia gani na Afrika Mashariki?

Ina historia ya kukaribia. Katika Safari Rally, 911 ilimaliza ya pili mwaka 1972 ikiwa na Sobiesław Zasada, ya pili tena 1974 ikiwa na Björn Waldegård, nyuma ya Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake, na ya pili kwa mara nyingine 1978 ikiwa na Vic Preston Jr. Ushindi wenyewe, ule wa Safari yenyewe, haukupatikana. Waldegård alirudi na kushinda mashindano ya magari ya kale ya East African Safari Classic mwaka 2011 akiwa na 911.

Zote hizo ni za hewa. Nadhani ndiyo sababu moja ya mapenzi ya watu wa huku kwa zile za zamani: wameziona zikipita na tope mpaka kwenye paa. 996 hawajaiona isipokuwa kwenye lami.

Naweza kuagiza 996 iliyotumika?

Kenya, gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8 haliruhusiwi kuingia, na 996 ya mwisho imeshapita umri huo zamani. Utafute iliyokwisha kusajiliwa nchini. Tanzania hairudishi gari bandarini kwa uzee, ila kodi ya uchakavu inakungoja juu ya ushuru mwingine, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kushangilia bei ya mtandaoni. Za usukani wa kulia hutoka zaidi Uingereza na Japani.

Mbona ni rahisi kuliko 911 nyingine?

Ziliundwa nyingi, taa zinawachukiza baadhi ya watu, na beringi inawatisha wengine. Za hewa zimekuwa mali ya wakusanyaji, bei zake zimekwenda na wenyewe. Kumbuka tu kwamba bei ya kununua ndiyo ilishuka. Spea ni za Porsche, si za Corolla.

## Maswali ya pembezoni

Kelele za sasa kuhusu 911 ya haibridi ni yaleyale ya 1997?

Kwa sehemu. Carrera GTS ya mwaka 2024 ina injini ya lita 3.6 yenye turbo moja na mota za umeme, jumla nguvu farasi 541, na watu wameanza tena kusema hii si 911. Lakini safari hii macho ni ya duara na injini iko nyuma, kwa hiyo kelele ni ndogo. Huwa nawaza: kama 996 ingetoka na taa za 993 na maji yaleyale, nani angejua tofauti kabla ya kufungua boneti ya nyuma?

Naweza kuweka taa za 2002 kwenye 996 ya mwanzo?

Si kwa kuchomoa na kuchomeka. Mkato wa taa ni tofauti, kwa hiyo utabadilisha mabawa ya mbele na bampa pia, na kupaka rangi vyote. Wengi waliokuwa wanaona haya waliishia kununua taa za mwanzo zilezile zenye indiketa nyeupe, ili angalau kiini cha yai kipotee. Sasa nimeanza kuona vijana wanaotafuta za rangi ya chungwa kwa udi na uvumba, warudishe gari lilivyotoka kiwandani.